Hojaji Yenye Mafuta

Neno la kwanza lilikuwa: mimi si kanjo.
Kabla ya salamu, kabla ya jina,
mimi si kanjo, mama, nauliza tu.
Hata hivyo pale Mwembe Tayari
kijana wa viazi karai aliiona beji shingoni mwangu,
akalibeba karai na mafuta yakichemka ndani,
akakata kichochoro, nami nyuma yake na kalamu:
"Ndugu, ni maoni! Maoni tu!"
Watu walicheka hadi wakakaa chini.
Nikaandika: Hakupatikana.

Maswali yalikuwa kumi na tisa,
na kila swali na visanduku vyake vitano:
nakubali kabisa, nakubali, sijui,
sikubali, sikubali kabisa.
Ofisini Tudor tulifundishwa siku mbili
kusoma kama ilivyoandikwa, tusitikise kichwa,
tusitabasamu penye jibu,
wala tusipokee cha mhojiwa, hata maji.

Awadh wa Marikiti, mwenye duka la achari,
alinionyesha ukuta: leseni, cheti cha afya,
kibali cha zimamoto, kibali cha ubao wa jina,
vyote ndani ya fremu kama picha za marehemu.
"Sheria ni nzuri. Andika nzuri."
Nzuri, au nzuri kabisa?
Akatupa jicho mlangoni.
"Wewe waonaje?"

Nyevu, wa supu ya pweza kule Likoni,
hakungoja niulize.
"Kila miezi sita nabeba choo changu ndani ya kikopo,
napanga foleni, nalipa, napigiwa muhuri.
Maji ya mfereji huja Jumanne, yakija.
Huo mfereji nao hupimwa choo?
Andika hilo."
Hapakuwa na kisanduku. Nikaandika pembeni,
herufi ndogo ndogo, zikazunguka ukingo wa karatasi
kama sisimizi wanaohama.
Jioni msimamizi akaniambia, bila ubaya:
pembeni kompyuta haioni.

Kisha Kibokoni, barazani kwa Bi Mwanate,
mbaazi zimefunikwa, mahamri yako motoni.
Swali la kumi na moja:
Je, kanuni za usafi wa chakula zinamlinda mlaji?
Aliyageuza yote kwanza, moja moja,
kama mtu anayehesabu deni.

"Mwaka ule wa kipindupindu tulipigwa marufuku sote.
Nilikasirika mpaka nikaugua.
Siku ya kumi, dada'angu Salha
alinunua juisi ya ukwaju kwa jirani
aliyekuwa akiuza kwa kujificha, nyuma ya pazia,
maana watoto wake walikuwa hawajala.
Salha tulimzika Alhamisi.
Jirani yuko papo hapo, twasalimiana.
Tangu hapo maji nayachemsha mara mbili.
Hakuna aliyenambia. Bwana afya akija
hutazama cheti, sufuria haitazami.
Haya, mwanangu,
nakubali au sikubali?"

Kalamu ilisimama.
Katikati pale pameandikwa sijui,
lakini yeye alikuwa anajua.
Asiyejua alikuwa mimi.

Akasukuma kisahani.
"Kula. Habari ya chakula
utaiandikaje na tumbo tupu?"
Nikaikumbuka Tudor, na siku mbili za mafunzo.
Nikala mawili, na mbaazi juu yake,
nikanywa na maji, yale ya kuchemshwa mara mbili,
nikavuta karatasi kwa vidole vile vile.

Usiku, tukihesabu,
namba arobaini na tatu ikaonekana imelowa mafuta.
Penye swali la kumi na moja karatasi imekuwa kioo:
ukiiinua kwenye taa
wasoma maswali ya upande wa pili,
yamegeuka, yanaanzia mwisho.
"Hii imeharibika," akasema msimamizi. "Itupe."

Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa shati.
Nilipofika nyumbani
shati nalo lilikuwa limeanza kuonyesha ndani.